Taa ya betri haizimi? Usikimbilie duka la betri

Mimi ni fundi umeme wa magari, kijiwe changu kipo Unga Limited, Arusha. Magari mengi yananifikia yana betri mpya inayong'aa, na taa nyekundu bado inawaka. Ile picha ya betri kwenye dashibodi inawadanganya watu. Ikiwaka huku injini inazunguka, maana yake ni kwamba chaji haiingii, na betri yenyewe huenda ni nzima kabisa.

Fungua switchi bila kupiga stata: taa iwake. Washa gari: izime. Ikibaki, zima injini ufungue boneti, uangalie kwanza mkanda wa alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Kama umekatika, usiondoke hapo ulipo, kwa sababu kwenye magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, na injini itachemka kabla hujafika popote. Kama upo, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukibonyea sana, au asubuhi za baridi ya Julai unalia ukiwasha kisha unanyamaza, umelegea au umechakaa.

Halafu shika temino za betri, uzitikise. Zikicheza, kaza. Zikiwa na unga mweupe au wa kijani, zimwagie maji ya moto, usugue kwa brashi. Kagua na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi kuna moja imeandikwa ALT-S. Fyuzi ndogo tu, lakini ikiungua taa inawaka na watu wanaanza kushusha alteneta bure.

Sasa mita ya kupimia umeme. Kamita ka bei ndogo kanatosha. Weka kwenye volti za DC, 20. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri nzima inasoma kama 12.6. Washa injini: unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na inashuka taratibu, hakuna chaji. Ikipita 15, katauti, yaani kidhibiti cha chaji, imekufa na betri inachemshwa. Washa taa kubwa na feni, upime tena, maana alteneta iliyochoka huonekana nzima ikiwa haina mzigo.

Kipimo ambacho wengi hawafanyi ni hiki: pima pia nyuma ya alteneta, kwenye ile nati iliyofunikwa mpira. Mama mmoja anayeleta ndizi kutoka Tengeru alinijia na Noah. "Fundi, betri ni ya juzi, mbona taa haizimi?" Betri ilisoma 12.2, nyuma ya alteneta 14 na ushee. Umeme ulikuwa unazalishwa, haufiki. Nilipoinua mpira nikakuta nati imelegea na kichwa cha waya kimeungua hadi kimekuwa cheusi. "Mama, alteneta nzima, betri nzima. Tunabadilisha kichwa cha waya tu." Ila ukitaka kugusa nati hiyo, chomoa kwanza temino hasi ya betri, pale kuna umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Kama hakuna chaji hata kwenye nati, gonga mwili wa alteneta taratibu kwa mpini wa nyundo, injini ikizunguka, mkono na nguo mbali na mkanda. Chaji ikirudi ghafla, kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya alteneta, zimeisha. Hizo zinabadilishwa, huna haja ya alteneta nzima.

Fundi akikuambia, "Ngoja nichomoe temino gari likiwa linaunguruma tuone kama litazima," mwambie aache. Kwenye magari ya siku hizi volti inaruka juu ghafla, inaua dayodi za alteneta na hata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Na wale wa kuosha injini kwa maji ya presha baada ya matope ya masika, wafunike alteneta kwa nailoni.

Taa ikikuwakia Boma Ng'ombe unakuja Arusha, mkanda upo na geji ya joto imetulia, zima AC, redio na kuchaji simu, uendeshe bila kuzima injini njiani. Mchana betri nzuri inaweza kukufikisha. Usiku ni habari nyingine: taa kubwa mbili za wati 55 zinakula peke yake karibu ampia 9. Giza likiwa linakaribia, tafuta fundi Usa River.