Kusokota uzi wa soksi kwa sufu iliyotiwa rangi

Baridi ya Molo mwezi wa Julai inajulikana, na soksi ya sufu hapa ni lazima. Wengi wanaojifunza kusokota hupenda uzi uliolegea kwa sababu ni laini mkononi. Kwa shali, sawa. Kwa soksi, kiatu kitausaga kisiginoni upesi. Uzi wa soksi hukazwa, tena uwe wa nyuzi tatu.

Sufu ya Corriedale, kondoo wanaofugwa nyanda za juu za Nakuru, inafaa sana. Jozi ya mtu mzima huhitaji gramu 100 hivi.

1. Sufu ikitoka kwenye rangi huwa imeshikana. Ivute kwa upana mpaka uone mwanga ukipenya, kisha ipasue kwa urefu, vipande vyembamba kama kidole gumba.

2. Zungusha kijiti cha kusokotea kuelekea kulia. Mkono wa mbele uvute sufu kidogo kidogo, sentimita 2 au 3, bila kuuruhusu msokoto upite vidole na kuingia kwenye sufu ambayo hujaivuta. Hapo ndipo uzi hupata ulaini wa juu na nguvu ya ndani. Endelea kuzungusha hata ukiona umetosha, maana hatua inayofuata itapunguza msokoto. Upime: legeza kipande kifupi. Kikijikunja na kujisokota chenyewe papo hapo, vizuri.

3. Jaza vijiti vitatu, uache uzi upumzike usiku kucha.

4. Unganisha nyuzi zote tatu ukizungusha kushoto, kinyume cha mwanzo, huku vidole vikizitenganisha ili zikazwe sawasawa. Rangi zitachanganyika. Ukitaka mistari, tumia uzi mmoja tu na uutie vitanzi kama mnyororo unapousokota. Utapata nyuzi tatu zenye rangi moja kwa wakati. Mimi napenda mistari.

5. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 20. Usisugue, na maji ya kusuuza yawe na joto lile lile, la sivyo sufu itashikamana na kusinyaa. Kamua kwa taulo, anika kivulini.

Fuma kwa sindano za milimita 2.25 hadi 2.5. Kwenye kisigino, upande wa nje, ruka kitanzi kimoja bila kukifuma na ufume kinachofuata. Kitambaa kitakuwa kinene pale kiatu kinaposugua.