Kabla Hujakubali Nafasi ya Utafiti wa Modeli za Maji

Barua ya kukubaliwa uzamili au uzamivu ikifika, watu huaga kwanza, maswali baadaye. Anza na maswali.

Posho: inaanza mwezi gani, na ikikatika nani anamalizia? Msimamizi: watafute wanafunzi wake waliokwisha kuhitimu, hao hawana cha kuogopa. Programu za kompyuta zisikunyime usingizi: SWAT na HEC-HMS za kumodeli, yaani kuiga kwa hesabu jinsi maji yanavyosafiri bondeni, na QGIS ya ramani, zote unapakua bure na utajifunza ukiwa kazini.

Sasa data. Ukiambiwa "data zipo," omba faili lenyewe kabla ya kutia saini. Dada mmoja tuliyesoma naye alipewa kazi ya kumodeli naitreti na fosforasi, virutubisho vya mbolea vinavyoingia mtoni, kwenye bonde lenye mashamba ya mpunga. Vipimo vya mtiririko vilikuwepo vya kila siku, miaka na miaka, kila mtu akaridhika. Kufungua jedwali la ubora wa maji, akakuta mistari michache kwa mwaka, yote ya Julai hadi Oktoba. Masika barabara ya kituoni haipitiki, kwa hiyo gari la sampuli haliendi. Na fosforasi nyingi husafiri imeng'ang'ania udongo. Mvua kubwa chache tu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka mzima. Modeli yake ikalingana vizuri na mto uliotulia, lakini siku za tope haikuwa na la kusema. Mtahini alianzia hapohapo.

Ikabidi arudi mtoni masika, kwa bodaboda, kapakata boksi la barafu. Sampuli ya naitreti hukaa kwenye baridi na kupimwa ndani ya saa 48, na maabara iko mjini. Bajeti haikuwa na hata shilingi ya hayo. Posho iliishia kwenye nauli.

Basi uliza: sampuli ni za miezi gani? Maabara analipa nani? Bodi ya maji ya bonde imekubali kwa maandishi kutoa data? Unatoka nje kuja Tanzania? Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kiombe mapema. Uliza pia mtiririko ulipimwa lini mara ya mwisho kwa kuingia majini, maana mtiririko wa kila siku hukadiriwa kutokana na kina cha maji, na mafuriko yakihamisha mchanga chini ya daraja, kina kilekile si maji yaleyale tena. Nakala za data weka sehemu mbili. Na mtoni usichote peke yako, hasa penye viboko, wala usiwadharau wavuvi wakikuambia leo usiingie.