Wiki kumi za jua ndani ya karavani, Costa Blanca: hatua kwa hatua

Mwaka wa kwanza tuliondoka Leicester na karavani yetu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, pamoja na orodha ya miji sita ya pwani ya Hispania. Kila tulipohama tulipoteza siku mbili: ya kwanza kukunja na kufunga, ya pili kufungua na kusawazisha. Wiki ya tatu mke wangu alinikuta nimelala chali chini ya karavani, spana mkononi, jua linawaka na bahari ile pale. “Baba watoto,” akaniuliza, “hii ni likizo au umebadilishiwa zamu?” Mimi ni dereva wa basi mstaafu. Swali lile lilinikaa.

Tangu hapo tunakwenda kambi moja, kiwanja kimoja, wiki kumi, kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, upande wa Costa Blanca kati ya Alicante na Benidorm. Utaratibu ufuatao unataka kazi zote ziishe kabla ya safari na siku ile ya kufika, ili siku sitini na kitu zinazobaki usiguse spana. Nawaandikia wanaoishi Uingereza, maana ndiyo njia niijuayo.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kilomita

Mwenye pasipoti ya Uingereza anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ilianza kutumia mfumo wa EES, unaochukua picha na alama za vidole badala ya kugonga muhuri. Zamani afisa angeweza kuchoka kufunua kurasa. Sasa kompyuta ndiyo inayokuhesabia. Wiki kumi ni siku 70, na zile 20 za akiba usizile, kwani ndugu yako wa Ujerumani anaweza kuoza binti mwezi Mei na ukajikuta huna siku za kwenda harusini.

Watanzania wengi tulioko huku bado tunashika pasipoti ya nyumbani, kwa kuwa nchi yetu haikubali uraia pacha kama Kenya ilivyokubali kwenye katiba ya 2010. Kwetu sisi, kibali cha kuishi Uingereza hakitoshi kuingilia Hispania, lazima viza ya Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Sisi huomba Septemba, tukapata nafasi ya kuhangaika polepole.

Omba pia kadi ya GHIC, ni bure, inakupa matibabu ya lazima kwenye hospitali za serikali huko. Haichukui nafasi ya bima ya safari. Dawa za presha na sukari chukua za muda wote, uzigawe mikoba miwili.

Hatua ya 2: Gari lishinde karavani

Kuna kanuni ambayo wavutaji wazoefu wa Uingereza humpa mgeni: karavani ikiwa imepakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Gari la kilo 1,650 livute karavani isiyozidi kilo 1,400. Sheria inaweza kukuruhusu zaidi, lakini sheria haitakuwepo siku upepo wa lori utakapokupiga ubavuni. Kuhusu leseni, tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari anaruhusiwa kuvuta tela hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Kwa hiyo hakuna atakayekufundisha kwa lazima. Tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi, piga rivasi mpaka mwenzako aache kupiga kelele.

Matairi ya karavani huzeeka yakiwa yamesimama. Kashata zake, yale meno yanayogusa lami, zinaweza kuonekana mpya kabisa huku ubavu umepasuka nyufa ndogondogo. Soma tarehe iliyochapwa ubavuni: tarakimu nne, wiki na mwaka. Mimi sivuki bahari na tairi la zaidi ya miaka sita.

Hatua ya 3: Pakia kwa mizani

Hapa ndipo watu wanapoumia, na sisi Waswahili ndio wa kwanza, maana hatujui kusafiri bila gunia.

Kichwa cha karavani kinapokaa juu ya mpira wa chuma nyuma ya gari, kinalalia gari kwa uzito fulani. Uzito huo unatakiwa uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa karavani. Kwa ya kilo 1,400 ni kama kilo 70 hadi 98, lakini gari lenyewe lina kikomo chake kilichoandikwa kwenye kitabu, na kikomo cha gari ndicho kinachotawala. Chukua mizani ya bafuni, simamisha kipande cha mti juu yake, kishushie kichwa cha karavani, soma.

Ukipungua, karavani inaanza kutikisa mkia barabarani kama samaki. Ikikutokea, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa hasira, wala usijaribu kuirekebisha kwa kukata kushoto na kulia. Dawa yake iko nyumbani: unga, mchele, makopo na betri vikae sakafuni juu ya ekseli, nguo na mito kwenye makabati ya juu, nyuma kabisa pasiwe na kitu kizito. Hema la ubavuni, lenye kilo zake, lilale sakafuni katikati.

Usipakie nyama wala maziwa. Tangu Januari 2021 haviruhusiwi kuingia Ulaya kutoka Uingereza, hata sandwichi ya nyama. Unga wa ugali hauna tatizo, na uuchukue wa kutosha kwa sababu nitakayoieleza kule jikoni.

Hatua ya 4: Vuka na ushuke kusini

Meli za Portsmouth kwenda Santander au Bilbao zinakuokolea Ufaransa nzima. Ni safari ya zaidi ya siku nzima, na Ghuba ya Biscay mwezi Januari haina utani. Mitungi ya gesi ifungwe kabla ya kupanda.

Kutoka Santander hadi Alicante ni kama kilomita 850. Usizimalize kwa siku moja. Barabara ya A-67 inapanda hadi karibu mita 1,000 kwenye milima ya Cantabria, na theluji hukaa pale, kwa hiyo tazama utabiri kabla ya kutoka bandarini na upande mchana. Sisi tunalala Aranjuez, kusini ya Madrid. Mwendo wangu ni kilomita 80 kwa saa na sioni aibu. Bandika kibandiko cha UK nyuma ya karavani, Hispania inakidai hata kama namba zako zina bendera. Baada ya kilomita 50 za kwanza simama ukaze nati za magurudumu.

Hatua ya 5: Chagua kiwanja kama unayenunua shamba

Kwenye kambi usikubali kuonyeshwa kiwanja ukiwa bado garini. Shuka, tembea.

Kwanza tazama maji yanakotoka, hasa pale ambapo hakuna maji. Pwani hii ina makorongo makavu wanayoyaita *rambla*. Mtoto wa Tanga au Dodoma anayajua hata kama jina hakulisikia: mchanga mweupe mwaka mzima, halafu siku moja mto mzima unapita. Agosti 1996 kambi ya Biescas, kule milima ya Pyrenees, ilifagiliwa na mafuriko ya ghafla wakafa watu 87, kwa kuwa ilijengwa kwenye njia ya maji. Tarehe 29 Oktoba 2024 mkoa wa Valencia, jirani kabisa na tunakokaa, ulipoteza watu zaidi ya 200 kwa mafuriko ya namna hiyohiyo. Mvua za hatari zaidi ni za vuli, wakati sisi hatujafika, lakini silali ndani ya korongo hata liwe na mandhari ya peponi.

Pili, misonobari. Kivuli chake kinavutia sana, ila kuanzia Januari hadi Machi viwavi hushuka kutoka kwenye viota vyeupe juu ya matawi, wakitambaa mstari mmoja, mkia kwa kichwa. Vinyweleo vyao vinawasha kuliko upupu, na mbwa akiwalamba anaweza kupoteza ulimi. Ukiona viota kama pamba vimening'inia, omba kiwanja kingine.

Tatu, jua. Mwezi Januari linapita chini upande wa kusini. Mchana ni nyuzi 17 hivi, usiku zinashuka hadi 7. Mlango na hema vikitazama kusini unapata sebule yenye joto la bure kutoka saa nne hadi alasiri. Ukitazama kaskazini utakaa ndani na hita huku wenzako wako nje na fulana.

Choo kiwe umbali wa dakika mbili. Karibu zaidi ya hapo utasikia milango usiku kucha. Halafu uliza kituo cha tramu kiko wapi. Tramu ya Alicante hadi Benidorm inapita El Campello na Villajoyosa, na ukikaa karibu nayo gari lako litapumzika kama wewe.

Hatua ya 6: Simamisha mara moja, vizuri

Unahitaji pima maji ya fundi ujenzi. Sawazisha kwanza kushoto na kulia, kwa kupandisha gurudumu la upande ulio chini juu ya kabari ya plastiki, karavani ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi magurudumuni, ndipo uachanishe na gari. Mbele na nyuma unasawazisha kwa kukizungusha kile kigurudumu cha mbele. Mwisho teremsha miguu minne ya pembeni iguse ardhi tu. Usiigeuze jeki, kazi yake ni kuzuia mtikisiko, na ukiinulia karavani nayo utapinda fremu.

Usawa huu una faida yake, kwani friji ya gesi haipozi vizuri ikiinama, na mafuta ya kukaangia yatakukimbilia upande mmoja.

Ardhi ya huko ni mawe. Vigingi laini vilivyokuja na hema vitapinda vyote, nunua vya chuma kigumu na nyundo nzito.

Hatua ya 7: Umeme na gesi

Uliza ampea kabla ya kuchomeka. Zidisha kwa 230 upate wati. Ampea 6 ni wati 1,380, na birika ya nyumbani peke yake hula 2,000 au zaidi. Mwaka wetu wa kwanza kwenye kambi hii nilizima kiwanja changu na cha mzee wa Kiholanzi jirani, saa moja asubuhi, mara tatu. Alikuja na birika yake ndogo ya wati 900, akaiweka mezani bila neno. Nikanunua kama ile. Hita na birika visiwake pamoja, ndiyo sheria nzima. Waya mrefu ufungue wote kutoka kwenye roli, ukibaki umeviringwa unapata moto.

Mtungi wa gesi wa Uingereza hutabadilishiwa Hispania. Unayetumia umeme wa kambi na kupika kawaida unaweza kufika mwisho na mitungi miwili. Bora wa propeni kwa usiku wa njiani, kwa sababu butani ikikaribia nyuzi sifuri inagoma kutoka.

Hatua ya 8: Jiko, halafu kukaa

Maduka ya Walatino, watu wa Amerika ya Kilatini, yana ndizi mbichi na muhogo wa kutosha. Unga wao wa mahindi ndio usiuguse: umepikwa nusu tayari kwa ajili ya arepa, vile vimkate vyao vya mahindi, na ukiusonga unapata gundi. Nyama ya halali utaipata kwenye bucha za Wamoroko. Samaki tunanunua alasiri mashua zinaporudi Villajoyosa. Pweza wao ni mzuri, na mke wangu humpika kwa tui la kopo huku majirani wakinyoosha shingo.

Mwaka 2025 Ramadhani ilitukuta huko mwanzoni mwa Machi, magharibi ikiingia karibu saa moja jioni. Tende tulizifuata Elche, kwenye lile shamba la mitende lililopewa hadhi ya urithi wa dunia mwaka 2000, ambalo mifereji yake iliwekwa na Waarabu wa zama za Andalusia. Kaimati tulikaangia nje kwenye hema. Kuanzia siku ya tatu yule Mholanzi alikuwa anafika na kiti chake dakika tano kabla ya adhana ya simu.

Ratiba ya kila siku sina. Kazi za lazima ni mbili: kumwaga tangi la choo kila siku ya pili na kujaza maji. Tumekubaliana hatwendi mahali pawili siku moja.

Hatua ya 9: Kuondoka

Shusha hema siku moja kabla, likiwa kavu. Likikunjwa na umande litafika Leicester na ukungu.

Kisha mwaga maji yote kwenye mabomba, bomba la chini lifunguliwe na koki zote zibaki wazi. Pwani umezoea joto ukasahau kwamba kesho usiku utalala uwanda wa juu, ambako Machi bado kunaganda, na maji yakiganda ndani ya mabomba yanayapasua.

Jibini na nyama za Hispania ziache. Tangu tarehe 12 Aprili 2025 Uingereza nayo imezipiga marufuku kutoka Ulaya. Machungwa yanaruhusiwa. Sisi tunaweka kreti mbili sakafuni, juu ya ekseli, pale palipokuwa na unga.