Kuchagua mrithi wa Ext2Fsd bila kuharibu diski ya Linux

Ext2Fsd ni draiva ya Windows ya kusoma na kuandika diski za ext2, ext3 na ext4. Toleo lake la mwisho, 0.69, lilitoka mwaka 2017. Baada ya hapo watu mbalimbali waliuchukua msimbo wake, kila mmoja akauendeleza kivyake, na leo ukitafuta unakuta matawi mengi yanayofanana majina. Wingi wa nyota za GitHub usikushawishi. Draiva hii hufanya kazi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Ikikosea haikuambii kitu, inaendelea kuandika tu, na hasara unaigundua siku faili hazifunguki.

Anza na diski yako kabla ya kutazama tawi lolote. Kwenye Linux (weka jina la diski yako badala ya /dev/sdb1):

sudo dumpe2fs -h /dev/sdb1 | grep -i features

Tafuta vipengele 64bit na metadata_csum. mke2fs, programu ya kuumbiza diski, huziwasha yenyewe tangu toleo 1.43 la mwaka 2016, na toleo 1.47.0 la 2023 likaongeza metadata_csum_seed na orphan_file, ingawa baadhi ya distro (aina za Linux) huzizima. Hapa ndipo matawi yanapoachana. metadata_csum huweka cheksamu (namba ya kuhakiki data) kwenye kila inodi (rekodi ya taarifa za faili) na kila bloku ya folda. Draiva ikibadilisha inodi bila kukokotoa cheksamu upya, Linux itaihesabu inodi hiyo kuwa imeharibika. Kanuni ya ext4 iko wazi: metadata_csum ni ya kundi la ro_compat, kwa hiyo draiva isiyoijua inaruhusiwa kusoma lakini si kuandika; 64bit na metadata_csum_seed ni za incompat, asiyezijua asiiguse diski kabisa. Tawi linalopuuza kanuni hii ili tu diski “ifunguke” liache palepale.

Kisha pekua msimbo. Ndani ya nakala ya tawi, ongeza hazina ya awali ya Ext2Fsd kwa git remote add asili, ukifuatisha anwani yake, halafu:

git fetch asili
git log --oneline --no-merges asili/master..HEAD
git grep -n -i -e metadata_csum -e crc32c

Kama branch kuu ya hazina hiyo ina jina jingine, badilisha master. Orodha iliyojaa marekebisho ya README na ikoni haina cha kukusaidia. Na jina metadata_csum likionekana kwenye faili za .h peke yake, limetajwa tu, halijafanyiwa kazi. Unataka kuliona kwenye faili za .c zinazoandika inodi na folda. Kwa kigezo hiki, tawi la kuanza nalo ni Ext4Fsd.

Angalia pia sahihi (saini ya kidijitali) ya draiva. Windows ya biti 64 haipakii draiva isiyo na sahihi. Ukiijenga mwenyewe utalazimika kuzima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta) na kuendesha bcdedit /set testsigning on, na hilo halifai kwenye kompyuta ya kazi.

Sasa jaribu, kwa fleshi isiyo na kitu cha thamani. Kwanza zima Fast Startup, inayoilaza Windows badala ya kuizima kabisa, kwa powercfg /h off: Windows iliyolala hubaki na kumbukumbu ya zamani ya diski, Linux ikiandika katikati, Windows ikiamka inavuruga kila kitu. Umbiza fleshi kwa mkfs.ext4, nakili faili mia kadhaa, zihifadhie orodha ya sha256sum (alama ya kuhakiki kila faili) nje ya fleshi. Nenda Windows: ongeza faili na folda, futa baadhi ya hizo mpya, badilisha majina ya folda mpya, andika faili ya zaidi ya GB 4, kisha toa fleshi kwa utaratibu. Ukirudi Linux, usiimaunti (usiiunganishe itumike) kwanza. Kumaunti huendesha jonali (kumbukumbu ya mabadiliko yasiyokamilika) na kuficha ushahidi. Ikague kwanza:

sudo e2fsck -fn /dev/sdb1; echo $?

Unataka 0. Ukipata 4, kuna makosa, na -n haikuyagusa. Ujumbe wa kuruka urejeshaji wa jonali maana yake draiva haikufunga diski vizuri. Baada ya hapo ndipo umaunti na uendeshe sha256sum -c.

Tawi likishindwa hata mara moja, litumie kwa kusoma tu. Kwa kuandika, Windows 11 ina njia nyingine, WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows): wsl --mount \\.\PHYSICALDRIVE1 --partition 1, kwa haki za msimamizi. Hapo kerneli ya Linux yenyewe ndiyo inayoandika. Njia hii haikubali fleshi za USB, wala diski iliyobeba Windows yenyewe.