Unataka manispaa ya Moshi itenge hela ya nishati safi? Anzia mkutano wa mtaa

Wana Moshi wenzangu, mabadiliko ya tabianchi sahivi yanaongelewa kila kona, kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp, misibani, theluji inaisha, mvua hazieleweki, mafuriko ya masika ya 2024 tuliyaona kwa macho. Alafu tunaishia hapo hapo kwenye kuongea. Mimi naomba tuongelee bajeti, maana manispaa inatekeleza kilichopo kwenye bajeti na kisichokuwepo hakitekelezwi hata kama kila mtu anakitaka, na kuingiza kitu humo kuna njia yake ambayo mwananchi wa kawaida kabisa anaweza kuifuata, ila lazima uanze mapema na uanzie chini.

Kwanza kabisa chagua kitu kimoja chenye bei. "Tutunze mazingira" haina bei, hakuna mhasibu atakayeiandikia fungu. "Jiko la gesi shule ya msingi ya mtaa wetu" lina bei. Mimi ningekushauri uanze na hilo hilo la shule na ntakwambia kwa nini.

Nenda shule yoyote ya msingi ambayo bado inapikia kuni, fika saa nne asubuhi muda wa uji, simama mlangoni pa jiko. Ukuta mweusi tii mpaka kwenye bati, sufuria kubwa limekaa kwenye mafiga, mama mpishi anakoroga huku uso kaugeuzia pembeni na machozi yanamtoka, nje kuna rundo la kuni nusu yake mbichi maana zile kavu zimeisha. Huyo mama anavuta huo moshi siku zote za shule na hizo kuni zinatoka mahali. Tunapenda sana kuililia theluji ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, na ni kweli zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 imeshapotea, lakini maji ya chemchem na mito yetu yanategemea zaidi ule mkanda wa msitu unaodaka mvua na ukungu kuliko barafu yenyewe, kwa hiyo anayepunguza kuni na mkaa Moshi analinda maji ya Moshi moja kwa moja. Tuliseme hili kila mkutano.

Na jua kwamba huendi kuomba fadhila. Kuna Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034, Rais Samia aliuzindua Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Alafu serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Shule yenye watoto mia nne wanaokunywa uji imo humo, kwa hiyo ukienda unakumbusha tu kitu ambacho wakubwa wameshakisema.

Sasa kusanya namba. Ongea na mwalimu mkuu kwa adabu, mweleze nia yako asije akadhani umekuja kumchunguza, muulize watoto wangapi wanakula, kuni zinaisha kiasi gani kwa mwezi, zinanunuliwa shilingi ngapi na nani anachanga (mara nyingi ni wazazi). Alafu nenda kwa mafundi wawili watatu wanaofunga majiko ya taasisi wakupe profoma, yani karatasi ya bei kabla ya kununua. Hapa kuwa makini, jiko banifu linapunguza kuni lakini bado linakula kuni, gesi ndo inayozoeleka kwa haraka mashuleni, na umeme kwa sufuria kubwa kubwa itabidi kwanza muulizie TANESCO kama laini ya shule inabeba huo mzigo au mpaka muwekewe umeme wa njia tatu (three phase), na hiyo ni gharama nyingine. Usiandike bei ya kukisia. Bei ya kukisia ikidakwa kwenye kikao ombi lote linaonekana la kubahatisha.

Sasa tuje kwenye mkutano wa mtaa, na hapa ndo naomba usome polepole. Watu wengi wanafika mkutanoni, wanakaa mpaka mwisho kabisa, mwenyekiti anasema "tuingie mengineyo", ndo mtu ananyoosha mkono na hoja yake nzuri, watu wanapiga makofi, mwenyekiti anasema tumeipokea, kila mtu anaenda kwake. Imekufa hiyo. Kitu kilichosemwa kwenye mengineyo mara nyingi kinaandikwa mstari mmoja au hakiandikwi kabisa. Cha kufanya, nenda ofisi ya mtaa kabla tangazo la mkutano halijabandikwa, muone mtendaji wa mtaa (yeye ndo anaandika muhtasari) na mwenyekiti, waombe jambo lako liwe ajenda inayojitegemea. Wape karatasi moja, moja tu, yenye namba zako na profoma nyuma yake. Na mkutanoni hakikisha halitoki kama maoni, litoke kama azimio. Unaweza kuwaandikia kabisa maneno hivi: "Mkutano umeazimia kuiomba Halmashauri ya Manispaa itenge fedha katika mwaka wa fedha ujao kwa ajili ya kufunga mfumo wa gesi ya kupikia katika shule yetu ya msingi, ambapo wananchi watachangia ukarabati wa jengo la jiko." Hiyo sehemu ya wananchi kuchangia usiiache, nguvu za wananchi zinampa diwani mdomo wa kusemea. Njoo na wazazi wengi siku hiyo, na kama mama mpishi atakubali kusimama kuongea mwenyewe mpe nafasi, atasema vizuri kuliko wewe.

Azimio likishaandikwa linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile WDC, mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata. Usikae ukisubiri lipande lenyewe. Omba kujua kikao ni lini, muulize mtendaji wa kata kama muhtasari wa mtaa wenu umefika, na muone mheshimiwa diwani kabla ya kikao maana pale kuna mitaa mingine nayo ina barabara zake na kalavati zake. Ukimpa hoja fupi yenye bei ataibeba mpaka kwenye kamati za manispaa na Baraza la Madiwani. Vikao vya Baraza mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, nenda ukakae pale, diwani akijua watu wake wapo ukumbini inasaidia.

Kuhusu muda, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini usidanganyike ukaenda Mei. Bunge la bajeti linaanza Aprili kule Dodoma na mpaka kufika hapo halmashauri zimeshapitisha zao na kuzipeleka juu. Maandalizi yenyewe yanashika kasi kuanzia mwishoni mwa mwaka kwa hiyo azimio la mtaa liwe limeshaandikwa kufikia Oktoba au Novemba. Ukichelewa utaambiwa ukomo wa bajeti umefika na watakuwa wanasema kweli.

Jua pia nani sio wa kumuomba. Taa za barabarani za sola kwa barabara nyingi za mtaani ni TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, umeme kukatika ni TANESCO, ukimbebesha diwani hayo kama mambo ya manispaa mnapotezeana muda. Taka ndo za manispaa kweli, na hilo nalo ni la tabianchi kabisa maana maganda ya ndizi na mabaki ya mboga kutoka Mbuyuni na masoko mengine yakirundikwa dampo yanatoa methani, gesi inayoongeza joto duniani, yakitengwa yanakuwa mboji. Kwa mtaa wenye soko hilo linaweza kuwa ombi zuri kuliko jiko.

Na kuna mifuko mingine. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, inakopeshwa kwa vikundi bila riba, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha akina mama kinaweza kukopa kutengeneza mkaa mbadala wa pumba za mpunga, na pumba huku chini Chekereni na Mabogini zipo. Kuna pia mkaa mbadala wa Rafiki wa STAMICO, shirika la madini la taifa, ila ule ni wa makaa ya mawe, unaokoa miti lakini makaa ya mawe ni makaa ya mawe, mimi ningependelea wa pumba. Alafu kuna Mfuko wa Jimbo, huo uko kwa mbunge na unaweza kumalizia pale manispaa ilipoishia.

Bajeti ikipita usipumzike. Mapato ya ndani yanaingia kidogo kidogo na fungu linaweza kupitishwa vizuri tu na hela isije, kwa hiyo kila mkutano wa mtaa ikisomwa taarifa ya mapato na matumizi uliza lile jiko limefikia wapi, na azimio lipigiwe fotokopi ukae nayo.

Mwisho kuna hili ambalo naliona ni kubwa kuliko yote. Mtungi ukiisha nani anajaza? Shule ikishafungiwa jiko zuri alafu gesi ikakata, wiki ya pili yake kuni zinarudi na jiko linageuka meza ya kuwekea sufuria. Ile hela ya kuni waliyokuwa wanachanga wazazi ihamishiwe kwenye gesi, kamati ya shule ikae ikubaliane kiasi na nani anaitunza na iandikwe kwenye muhtasari wao, na hicho kikao kifanyike kabla fundi hajaleta hata bomba moja.