Matumbawe yamegeuka rangi ya ugoro? Taa na chakula, hatua kwa hatua

Mwezi wa tano dada mmoja mwenye kliniki ya meno Moshi alinitumia picha usiku. Tangi la lita 200 liko mapokezini, kioo kimesuguliwa hadi kinang'aa, samaki wanene kama wa harusi. Matumbawe sasa. Aliyanunua ya kijani na zambarau, kwenye picha yote yamekuwa kitu kimoja. "Kaka habari za jioni. Hivi mbona yamekuwa rangi ya ugoro?"

Jumamosi nikapanda Coaster kwenda kumtazamia. Nilichomfanyia ndicho ninachoandika hapa, pamoja na makosa niliyoyafanya mwenyewe nyumbani Njiro, Arusha, kabla sijapata akili. Sitaeleza kupanga mawe wala kuchanganya chumvi, hayo unayajua. Na kama tangi lako halijafikisha miezi sita, soma tu, usinunue tumbawe bado.

Jambo moja kabla ya yote: usiende Tanga au Pemba kung'oa. Sheria za uvuvi za nchi hii zinakataza, na matumbawe yote ya mawe yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata ya kuagiza nje lazima yaje na kibali. Tafuta vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Vimeshazoea taa, na havifi kwa mshtuko kama vya baharini.

Rangi inatoka wapi

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake amepangisha mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho, nao unamlipa kodi ya sukari inayotengenezwa kwa mwanga. Mwani huo ni wa kahawia. Rangi unazozitaka wewe, kijani, waridi, zambarau, ni za tumbawe lenyewe, na nyingi ni protini zinazong'aa zikipigwa na mwanga wa bluu. Wapangaji wakijazana, kahawia inafunika kila kitu. Wakihama, unaona mfupa mweupe kupitia nyama. Hicho ndicho kilichotokea baharini mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi na matumbawe ya Mafia yakafa kwa wingi. Kazi yote ya taa na chakula ni kuwa na wapangaji wa kutosha, wasijae, wasihame.

Hatua ya 1: Maji

Maji ya bomba ya Arusha yana floraidi, meno yetu ni ushahidi. Tumia mashine ya RO (inayochuja maji kwa utando) yenye rezini mwishoni, na mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0. Maji ya mvua ya kwenye bati sitaki hata kuyasikia, zinki ya bati inaua matumbawe na konokono kabla haijawagusa samaki. Chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25 hadi 26, alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi) 8 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu 1300. Ukikuta alkaliniti yako ni 7.5 au 9 na haichezi, iache hapo hapo. Inayopanda leo na kushuka kesho ndiyo inayoharibu.

Kwa sisi wa huku juu kuna la ziada. Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Pampu moja ya mawimbi ielekeze juu, uso wa maji utikisike usiku na mchana. Juni na Julai weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Umeme ukikatika usiku, zungushia tangi blanketi. Mimi natumia shuka mbili za Kimasai, zinatosha.

Hatua ya 2: Kuchagua taa

LED yenye chaneli ya bluu na ya nyeupe zinazorekebishwa kila moja peke yake. Basi. Zile taa za nje za ukutani zinazouzwa duka la vifaa vya ujenzi zina mwanga mwingi kweli, lakini ni wa njano na nyeupe, utakuza mwani wa kwenye kioo. Unachohitaji ni bluu ya kati ya nanomita 420 na 460. Mimi naweka bluu mara tatu ya nyeupe. Nyeupe ni ya macho ya wageni.

Hatua ya 3: Kuizoesha taa (hapa usikimbie)

Hii ndiyo iliyonigharimu. Nilikuwa na taa za mirija, nikapata LED nzuri, nikaifunga jioni na kesho yake nikaiwasha asilimia 100. Siku tatu za kwanza matumbawe yalikuwa kama sikukuu. Siku ya nne Montipora yangu, tumbawe bapa kama sahani, ikaanza kupauka katikati. Siku ya saba juu palikuwa peupe kama chokaa. Na mimi kwa ujuaji nikasema ina njaa, nikaongeza chakula. Nikabadilisha maji. Nikapima kalsiamu mara nne kwa siku moja. Usiku mmoja nilikaa hadi saa 8 nikiangalia jiwe. Mwisho nikaichomoa ili niitupe, nikaigeuza mkononi: chini yake, upande ambao mwanga haufiki, ilikuwa zambarau iliyokolea, haina hata doa.

Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Tumbawe likipauka juu na chini likabaki na rangi, ni mwanga umezidi. Likipauka lote, hadi kwenye kivuli chake, na joto la maji liko sawa, mara nyingi ni njaa. Likiwa kahawia lote, mwanga ni hafifu au maji yana mbolea nyingi (nitrati na fosfati), na mara nyingi ni vyote viwili. Geuza kabla hujanunua dawa yoyote.

Sasa namna ya kuzoesha. Anza na bluu asilimia 30 na nyeupe 10. Kila Jumapili ongeza 5 kwenye bluu, nyeupe iongeze wiki moja na kuacha moja. Ukiona polipu, vile vinywa vidogo vya tumbawe vyenye mikono, zimejikunja mchana kutwa, rudi ulikotoka, kaa wiki mbili. Kwa taa nyingi utafika mahali matumbawe yanakaa vizuri kabla hata ya asilimia 70, na hakuna zawadi ya kufika 100. Tumbawe jipya liweke chini kwenye mchanga, lipandishe taratibu kwa wiki tatu au nne, hata kama muuzaji amekuapia kwamba kwake lilikuwa juu kabisa.

Mwenye mita ya PAR, inayopima mwanga ambao mwani unaweza kuutumia, azimisha wenzako. Zoanthus, yale kama maua madogo, na matumbawe uyoga yanaridhika na 50 hadi 100. Euphyllia, yale yenye vidole vinavyoyumba, 75 hadi 150. Acropora, yale ya matawi, na Montipora 200 hadi 350. Watu wananiuliza kuhusu programu za simu zinazopima mwanga. Hizo zinapima luksi, na luksi imetengenezwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo linaona kijani vizuri na bluu vibaya. Chini ya taa ya bluu simu itakwambia pana giza, utaongeza, utaunguza. Itumie kwa jambo moja tu: kulinganisha pembe moja ya tangi na nyingine, taa ile ile, siku ile ile.

Muda. Saa 10 kwa siku zinatosha. Mtu ataniambia baharini jua linawaka kwa muda wa saa 12. Ni kweli, lakini asubuhi na jioni jua la baharini liko pembeni na nguvu yake ni ndogo. Mimi nawasha saa 4 asubuhi, nazima saa 2 usiku, saa ya kwanza na ya mwisho bluu peke yake.

Na hapa ndipo nilipokamata tatizo la Moshi. Niliandika hivyo hivyo kwenye karatasi mwaka jana nilipomfungia taa, "saa 4 hadi saa 2", nikaondoka. Kijana wa mapokezi, mtu makini kabisa, akaingiza kwenye taima 04:00 hadi 02:00. Hesabu mwenyewe: taa inawaka saa 22, inapumzika mbili. Dada naye alipoona viumbe hawatulii akapunguza nguvu hadi asilimia 15 kwa huruma. Mwanga hafifu karibu usiokatika, na matumbawe hayajawahi kuona usiku kamili hata mmoja. Kosa ni langu. Kwa hiyo tuelewane: saa 4 asubuhi kwenye taima ni 10:00, saa 2 usiku ni 20:00. Iandike hivyo kwa kalamu ya wino usiofutika na ubandike kwenye kabati.

Taima ya kuzungusha kwa mkono usinunue. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo inabaki nyuma kwa saa tatu, baada ya mwezi mmoja tangi lako linaishi Brazil. Nunua ya dijitali yenye betri ndani. Angalia na jua la dirishani pia. Pale kliniki lilikuwa linapiga kioo cha pembeni kuanzia saa 9 alasiri, tukashusha pazia.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kulisha

Nitrati iwe kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfati kati ya 0.03 na 0.10. Ya Moshi nitrati ilikuwa imepita 50, kwa sababu wahudumu watatu walikuwa wanalisha samaki, kila mmoja akidhani wenzake wamesahau. Tulibadilisha maji robo, wiki tatu mfululizo, na chakula akapewa mtu mmoja.

Lakini sifuri nayo ni ugonjwa. Wapo wanaojisifu maji yao hayana nitrati wala fosfati, halafu matumbawe yao yana rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Ukipata sifuri kwenye vyote viwili, punguza kazi ya skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu), ongeza chakula cha samaki. Kinyesi cha samaki ni chakula kizuri cha matumbawe, na bei yake unaijua.

Hatua ya 5: Kulisha

Mara mbili kwa wiki, usiku, nusu saa baada ya taa kushuka. Mchana tumbawe linakula mwanga, usiku ndipo mengi yanatoa mikono ya kunasa chakula. Ukimulika kwa tochi ya simu iliyofunikwa na kidole utaona vimkono vimesimama kama nywele za mtu aliyesikia baridi.

Vyakula vya chupa vyenye amino asidi nimejaribu viwili, sikuona tofauti na hela iliondoka. Changu ni hiki: kamba mbichi na ngisi kidogo kutoka kwa wanaoleta samaki wa pwani na barafu. Visiwe na chumvi ya kukaushia wala limau. Uduvi mkavu wa sokoni acha kwa mboga. Saga, kisha weka kwenye chujio la chai na suuza kwa maji ya RO hadi yanayotoka yawe maangavu. Usiruke kusuuza. Ile juisi ya waridi imejaa fosfati, nayo haiingii mdomoni mwa tumbawe lolote. Gandisha kwenye trei ya barafu.

Siku ya kulisha, yeyusha kipande kimoja, zima pampu dakika 20, vuta kwa sirinji ya duka la dawa iliyounganishwa na mrija mwembamba. Usirushe. Iache idondoke taratibu juu ya polipu. Kwa Euphyllia kipande kama punje ya mchele kinatosha. Ukimpa kama harage atakimeza mbele yako na kukitema saa 10 usiku, kioze chini ya jiwe. Acropora mdomo wake ni mdogo, mpe artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi) walioanguliwa siku hiyo. Uduvi-msafi, kamba mdogo anayesafisha samaki tangini, akija kupora, mpe chake kwanza. Washa pampu. Weka kengele kwenye simu, mimi nimewahi kuisahau pampu hadi asubuhi.

Hatua ya 6: Picha

Jumapili, saa ile ile, kabla hujaongeza taa, weka nyeupe juu kwa dakika mbili na upige picha. Chini ya bluu tupu simu inapotosha, kila kitu kinang'aa hata jiwe. Picha nyingi za mtandaoni zimepigwa hivyo, usijilinganishe nazo. Fananisha wiki ya 1 na ya 4, sio jana na leo.

Dada amenitumia ya wiki ya 11 juzi. Ncha za Euphyllia zimerudi kijani, Zoanthus wamefungua, Montipora pembeni ina mstari mwembamba wa zambarau unaokua. Katikati bado ugoro. Aliuliza kama aongeze taa. Nimemwambia bluu ibaki 45 hadi mwisho wa mwezi.