Namna ya Kuorodhesha Nyaraka za Mazungumzo ya Kupiga Marufuku Silaha za Kemikali

Mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Silaha za Kemikali yaliendelea Geneva kwa zaidi ya miaka 20, na nyaraka zake zimesambaa mbali na Geneva na The Hague, yaliko makao makuu ya OPCW, shirika linalosimamia Mkataba huo. Kenya, Ethiopia na Zaire ya wakati huo zilikuwa miongoni mwa wanachama 40 wa Mkutano wa Upokonyaji Silaha, chombo cha Geneva kilichokamilisha mazungumzo hayo, na masanduku ya wajumbe wastaafu huweza kufika katika maktaba au idara yoyote ya nyaraka. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtunza nyaraka aliyekabidhiwa masanduku ya namna hiyo. Lengo lake ni katalogi itakayomwezesha msomaji kufuatilia, rasimu kwa rasimu, jinsi kifungu fulani cha Mkataba kilivyofikiwa.

Kabla ya kuhamisha karatasi yoyote, andika kila sanduku lilivyopokewa: limetoka kwa nani, majalada yake yamepangwaje na yana vichwa gani. Mpangilio wa mwenye nyaraka usivunjwe hata kama unaonekana wa ovyo, kwa sababu mjumbe aliyeweka taarifa ya Baraza la Usalama ndani ya jalada la rasimu alikuwa na sababu yake. Mfano mzuri ni taarifa S/16433 ya Machi 1984, ambamo wataalamu waliotumwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa walithibitisha kwamba silaha za kemikali zilitumika nchini Iran. Taarifa hiyo ikikutwa katikati ya hati za Geneva, ibaki hapo hapo, na katalogi ndiyo imwelekeze msomaji kwenye nyaraka nyingine za Baraza. Pini na klipu zilizoshika kutu ziondolewe kwa uangalifu, na namba zote ziandikwe kwa penseli.

Hatua inayofuata ni kujifunza alama za nyaraka, maana ndizo uti wa mgongo wa kazi yote. Kamati ya Mataifa Kumi na Manane, iliyoanza kukutana mwaka 1962, ilitumia alama ENDC. Iliyoirithi mwaka 1969 ilitumia CCD. Na kuanzia 1979 alama ni CD, ambayo haikubadilika hata Kamati ilipoitwa Mkutano wa Upokonyaji Silaha mwaka 1984. Kwa hiyo jina la chombo katika katalogi lifuate tarehe ya waraka, kwa kuwa alama peke yake haitoshi. Hati za kazi za kamati ndogo ya silaha za kemikali zina alama CD/CW/WP, na kumbukumbu za neno kwa neno za vikao vya wazi zina CD/PV. Baada ya Mkataba kutiwa saini Paris Januari 1993, zinafuata nyaraka za Tume ya Maandalizi iliyokaa The Hague, zenye alama PC, kisha zile za OPCW yenyewe tangu Mkataba ulipoanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997: C kwa Mkutano wa Nchi Wanachama, EC kwa Baraza la Utendaji na S kwa Sekretarieti.

Chukua waraka mmoja wa Geneva uutazame vizuri. Sehemu ya juu ya ukurasa wa kwanza ina alama, tarehe, na lugha ambayo waraka uliandikwa kwanza. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna namba ya uchapaji inayoanza na GE ikifuatiwa na tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano GE.84. Pale ambapo sehemu ya juu imechanika au imeliwa na mchwa, namba hiyo hukupa mwaka wa kuchapwa, nayo inastahili kuandikwa katika maelezo ya kila waraka. Mwishoni mwa alama angalia nyongeza: Rev. ni toleo jipya linalochukua nafasi ya lile la awali, Add. ni nyongeza, na Corr. ni masahihisho. Kila kimoja kipewe maelezo yake na kiunganishwe na waraka mama, kwani msomaji atakayenukuu toleo la kwanza bila kujua kwamba lilifutwa na Rev.1 atakuwa ameiwekea nchi maneno ambayo ilikwisha kuyaacha.

Hapa ndipo ninapomsihi mtunza nyaraka asiwe na haraka. Kuanzia mwaka 1984 wajumbe walifanyia kazi andiko moja la Mkataba lililoboreshwa mwaka hadi mwaka na kuambatishwa kwenye ripoti za kamati. Yaliyokuwa bado yanabishaniwa yaliwekwa ndani ya mabano ya mraba, na mabano yalipoondolewa, msomaji anajua kwamba maafikiano yalipatikana kati ya toleo lile na hili. Andika katika maelezo vifungu vilivyokuwa ndani ya mabano, angalau kwa mada kuu. Usitupe nakala inayofanana na nyingine kabla ya kupekua kurasa zote. Mjumbe aliyekata neno kwa kalamu na kuandika pembeni jina la nchi iliyopinga ametuachia ushahidi ambao kumbukumbu rasmi hazina, kwa sababu mengi yalijadiliwa katika vikao vya faragha. Nakala ya aina hiyo ni waraka wa pekee na ielezwe hivyo, pamoja na kutaja kurasa zenye maandishi ya mkono.

Kichwa cha waraka kinakiliwe kama kilivyo katika lugha yake, kisha kifuatiwe na muhtasari mfupi wa Kiswahili. Majina ya nchi yabaki kama yalivyoandikwa wakati ule, yaani Umoja wa Kisovieti au Zaire, huku faharasa ikielekeza kwenye majina ya leo. Mada zichaguliwe kutoka orodha moja isiyobadilika: uharibifu wa akiba ya silaha, majedwali ya kemikali (yaani orodha za kemikali zinazodhibitiwa), ukaguzi wa kushtukiza, msaada kwa walioshambuliwa. Kwa mada ya ukaguzi wa kushtukiza, katalogi nzuri itamchukua msomaji kutoka rasimu ya Marekani CD/500 ya Aprili 1984, apitie matoleo ya andiko la pamoja, hadi CD/1173, ripoti ya mwaka 1992 iliyobeba Mkataba uliokamilika, ambamo suala hilo liko katika Ibara ya 9.

Nyaraka zisizofaa kufunguliwa kwa kila mtu zishughulikiwe mapema. OPCW ina madaraja matatu ya usiri, na karatasi yenye muhuri wa daraja lolote haifunguliwi kwa uamuzi wa mtunza nyaraka peke yake. Iweke mahali pa kufungwa, acha kipande cha karatasi kwenye nafasi yake ndani ya jalada, na uwasiliane kwa maandishi na mamlaka husika. Maelezo ya kitaalamu kuhusu utengenezaji wa kemikali yasinakiliwe kamwe katika muhtasari. Inatosha kusema kwamba waraka una kiambatisho cha kiufundi. Taarifa za kitabibu zenye majina au picha za majeruhi nazo zifungwe kwa muda maalumu, kwa kuwa hao ni watu wenye familia zilizo hai. Tarehe ya kuupitia upya uamuzi huo iandikwe ndani ya katalogi yenyewe, ili atakayeshika kazi baadaye asilazimike kukisia.